Mguu wa Bobi na kilichojificha kwapani

SWALI

Jambo Docta. Ninakaa Kampemba, hapa Lubumbashi. Mbwa wetu Bobi ni dume, mchanganyiko wa berger allemand, anaingia miaka 9. Tangu mwezi wa 5 anachechemea mguu wa mbele wa kushoto. Kwanza tulisema ni baridi. Amepigwa sindano za maumivu mara tatu. Kila mara anapata nafuu siku mbili tatu, kisha anarudia palepale. Tukapiga radio, tukaambiwa mifupa ni mizima. Sasa tuko mwanzo wa mwezi wa 10: bega la upande ule limekonda mpaka mfupa umejichora, kucha zinakwaruza sementi anapotembea, na mwanangu alipomshika chini ya kwapa ili amnyanyue, Bobi alipiga kelele akataka kumuuma. Hajawahi kufanya hivyo tangu tumlee. Jirani aliyesomea anasema huenda ni uvimbe wa mishipa ya fahamu. Kuna kitu cha namna hiyo kwa mbwa? Kinatibika? Na paka wetu ana kinundu katikati ya mabega tangu apigwe chanjo mwezi wa 7. Ameambukizwa na Bobi?

JIBU

Mama, kitu hicho kipo, na kwa namna ulivyoeleza ningekiweka mbele ya vingine vyote hata kabla sijamgusa Bobi. Mbwa mzee, mguu mmoja wa mbele, kuchechemea kulikoanza kidogokidogo na kuzidi mwezi hadi mwezi, dawa ya maumivu isiyodumu, mifupa mizima kwenye picha, msuli unaoyeyuka, kwapa lisilotaka kuguswa. Kila moja ya hayo, likija peke yake, lina maelezo mengine mengi. Yakikutana kwa mbwa mmoja, mkono wangu unaenda kwapani moja kwa moja.

Paka hakuambukizwa. Uvimbe wa mishipa ya fahamu hauruki kutoka mnyama mmoja kwenda mwingine, wala kwenda kwa watoto wako. Lakini kinundu chake nacho kinanishughulisha kwa sababu nyingine kabisa. Nitakirudia chini, tafadhali usiache kusoma kabla ya kufika huko.

Nikueleze kwanza kinachoendelea ndani ya bega. Kati ya pingili za mwisho za shingo na za kwanza za kifua, mizizi ya mishipa ya fahamu inatoka kwenye uti wa mgongo kila upande. Kwa mbwa, inayohudumia mguu wa mbele ni hasa mizizi ya 6, 7 na 8 ya shingo na ule wa kwanza wa kifua. Ikifika kwapani inasukana kama ukili, halafu inagawanyika tena: mmoja unaenda kwenye bega, mwingine kwenye kiwiko, mwingine mpaka vidoleni. Sisi tunaoishi mji wa shaba tunajua waya ulivyo: nyuzi za shaba ndani, ganda la plastiki nje. Mshipa wa fahamu nao una uzi wake na ala yake. Uvimbe ninaouzungumzia hauoti kwenye uzi, unaota kwenye ala, katika seli zilizopewa jina la Theodor Schwann, Mjerumani aliyezieleza mwaka 1839 na kufundisha sehemu kubwa ya maisha yake Ubelgiji, Leuven kisha Liège.

Tabia ya uvimbe huu ndiyo inayonifanya nikuandikie kwa haraka. Si kama saratani nyingine zinazokimbilia mapafuni mapema. Kwenda mbali ni nadra kwake. Wenyewe unatambaa. Unafuata njia ya mshipa kama mzabibu unavyofuata waya, chini kuelekea kiwikoni na juu kuelekea uti wa mgongo, na huku juu ndiko kwenye hatari. Ukiwa bado kwapani, daktari anaweza kukata juu yake mahali pasafi. Ukishaingia kwenye tundu ambamo mzizi unatoka katikati ya pingili, umefika mlangoni kwa ugwe wa mgongo, ule wenye kubeba amri zote za mwili. Siku moja utaona mguu wa nyuma wa upande uleule unayumba. Hapo tumechelewa sana.

Nina mbwa mmoja nisiyemsahau. Jike wa miaka 10, mlinzi wa parseli moja upande wa Bel-Air, mguu wa mbele wa kulia. Nilimtibu kiwiko kwa miezi minne. Kila alipopata nafuu kidogo nilifurahi pamoja na wenye mbwa, na nafuu ile ndiyo iliyonipoteza, maana dawa za maumivu ya viungo zinatuliza maumivu ya mshipa wa fahamu pia, kwa siku chache. Alipoanza kuyumba nyuma ndipo nikaingiza vidole kwapani kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na kitu kigumu, kirefu kidogo, ukubwa wa kokwa la embe dogo, kimeshikana na vya ndani. Kilikuwa kimekwishafika kwenye ugwe na hatukuwa na la kumfanyia ila kumpunguzia mateso. Tangu siku hiyo mbwa yeyote anayechechemea mbele namgusa kwapa siku ya kwanza, hata kama ameletwa kwa ajili ya ukucha uliovunjika.

Kwa hiyo sitawalaumu waliompiga Bobi sindano. Hapa kwetu, mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi ni baridi kweli, mbwa wazee wenye viungo vibovu wanakakamaa, na wengi wao wakiota jua wanatembea vizuri. Mwenye mbwa akisema “ni baridi tu inamukamata”, mara nyingi amesema kweli. Lakini baridi imeondoka tangu mwezi wa 8 na Bobi anazidi. Ugonjwa wa viungo una siku nzuri na siku mbaya, na unaonekana zaidi mbwa anapoamka. Huu wa Bobi unaenda upande mmoja tu.

Kuna mambo unayoweza kuangalia nyumbani leo jioni, bila kumuumiza.

Piga magoti nyuma yake akiwa amesimama, weka kiganja kimoja juu ya kila bega. Katikati ya mfupa bapa wa bega kuna ukingo unaosimama. Kwa mbwa mzima umezama kati ya misuli miwili. Upande wa kushoto, kwa maelezo yako, ukingo huo unauhisi kama mgongo wa kisu. Mguu usiotumika nao hukonda, lakini hukonda taratibu na kwa kiasi. Msuli uliokatiwa mshipa wake wa fahamu unayeyuka ndani ya wiki chache hata kama mbwa bado anaukanyagia mguu.

Kisha mshike tumboni kumtegemeza, pindua unyayo wa kushoto ili akanyagie mgongo wa vidole. Mbwa mwenye fahamu nzima anaurudisha papo hapo, hawezi kuvumilia hata sekunde mbili. Akiuacha pale umepinduka, basi habari ya unyayo haifiki kichwani. Kukwaruza kwa kucha kwenye sementi ni dalili ya familia hiyohiyo: mshipa unaonyoosha kiwiko na kuinua vidole umechoka. Mfanyie na upande wa kulia, kwa sababu bila kulinganisha hutajua unachokiona.

Tatu, mwangalie macho akiwa kivulini, si juani. Mboni ya kushoto ni ndogo kuliko ya kulia? Kope la juu limeshuka? Kile kiwambo cheupe cha pembeni ya pua kimepanda juu ya jicho? Inashangaza watu kwamba ninatafuta ugonjwa wa mguu ndani ya jicho, lakini nyuzi za fahamu zinazofungua mboni zinashuka kwanza mpaka mwanzo wa kifua, zinatoka pamoja na mizizi ileile ya kwapani, ndipo zinapanda shingoni kuelekea jichoni. Waliosoma kwa Kifaransa wanaiita dalili ya Claude Bernard-Horner, kwa jina la Mfaransa aliyeikuta kwa wanyama aliowafanyia majaribio miaka ya 1850, na Mswisi aliyeieleza kwa binadamu mwaka 1869. Ukiiona kwa Bobi, ina maana tatizo liko juu, karibu na uti. Nitahitaji kujua hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Kwapa lenyewe usiliguse. Niachie mimi, au veterineri mwenzangu yeyote aliye karibu nawe, mbwa akiwa amefungwa mdomo kwa kitambaa laini na ikiwezekana amepewa dawa ya kumlegeza. Bobi hakuwa mkali ghafla. Mwanao aligusa mahali panapochoma kama moto, na mbwa hana lugha nyingine. Mweleze mtoto hivyo, maana watoto wanabeba jambo kama hilo moyoni.

Swali moja ambalo barua yako haikujibu: aliwahi kugongwa na pikipiki, au kuruka ukuta akaninginia kwa mguu? Motari wetu wanapita karibu na milango na mbwa wanatoka mbio. Mbwa akigongwa, mishipa ileile ya kwapani inaweza kung’oka kwenye mizizi, na mguu unaning’inia kama kamba. Lakini hilo linatokea siku moja: asubuhi mzima, mchana hana mguu. Halianzi Mei kwa kuchechemea kidogo na kufika Oktoba kwa kukwaruza. Magonjwa ya kupe nayo huchechemesha, ila mara nyingi huleta homa na kuhama kutoka kiungo kimoja kwenda kingine. Na saratani ya mfupa, ambayo kwa mbwa wakubwa inapenda sana sehemu ya juu ya mguu wa mbele karibu na bega, ile radio ingeionyesha. Kwa hiyo pesa ya radio haikupotea, Mama. Imeondoa adui mmoja mbaya sana. Ilete hiyo picha yenyewe, si karatasi ya majibu peke yake. Nataka kuona kama bega na pingili za chini za shingo zimo ndani yake.

Ila radio haioni mshipa wa fahamu. Kwa uvimbe huu, picha ya juu kuliko zote ni IRM, ile inayopigwa kwa sumaku kubwa, ikifuatiwa na skana yenye dawa ya kung’arisha. IRM inaonyesha mshipa umevimba wapi na, muhimu kuliko yote, umevimba mpaka wapi. Kabla ya kufika huko, kuna ekografi. Mashine ileile inayoangalia mimba, mikononi mwa mtu anayelijua kwapa la mbwa, inaweza kuonyesha mshipa mnene kama kamba mahali ambapo ungetakiwa uwe mwembamba kama uzi, na sindano nyembamba ikaongozwa humo kuchukua seli. Kwa vidole peke yake, uvimbe unapatikana kwa chini ya nusu ya mbwa; nisipoupata kwa mkono haina maana haupo. Naanza na mkono na ekografi kwa sababu hakuna gharama ya kukufilisi, na kwa sababu wakati mwingine inatosha.

Kwa Lubumbashi tuna bahati ambayo miji mingi ya nchi hii haina: chuo kikuu chetu kina kitivo cha tiba ya wanyama, na humo kuna walimu wa upasuaji unaoweza kuwauliza. Usione haya kuuliza kwa mtu zaidi ya mmoja. Ikilazimu kutoka nje, kuna shule ya veterineri ya Chuo Kikuu cha Zambia pale Lusaka, njia ya Kasumbalesa, na mbali zaidi hospitali ya wanyama ya Onderstepoort karibu na Pretoria. Mbwa anayevuka mpaka anahitaji kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iliyo hai na hati ya afya, na karatasi hizo zinataka maandalizi ya wiki kadhaa, kwa hiyo kama unaliwaza hilo hata kidogo, tuanze nazo sasa wakati tunaendelea na vipimo. Piga simu kwanza huko unakokwenda na uulize kama mashine inafanya kazi. Nimeona mtu amefunga safari bure.

Sasa tiba. Nitaisema kama nilivyo na hakika nayo: kwa uvimbe wa kwapani, tiba inayoondoa maumivu ni kuukata mguu. Ninajua neno hilo linavyoangukia ndani ya nyumba. Wenye mbwa wengi husimama, wengine hutoka nje. Huwa nawaacha watoke, kisha nawaambia walichokuwa hawajui: mguu ule Bobi ameshaupoteza. Umebaki ukining’inia kama kitu cha kumuumiza. Mbwa hana kioo, hana aibu ya mtaani, hahesabu miguu. Mguu wa mbele hubeba kazi nzito, kwa kuwa karibu asilimia 60 ya uzito wa mbwa iko mbele, na bado mbwa wengi waliokatwa mguu wa mbele husimama siku ya kwanza au ya pili, na ndani ya wiki chache wanakimbilia mlango kama zamani. Wale waliokuwa na maumivu kwa miezi hushangaza watu: wanaanza kula, wanaanza kucheza, kwa sababu kilichokuwa kikiwachoma kimeondoka.

Lakini kuna masharti, na hapa uwe mkali hata kwangu. Mguu usikatwe chini ya bega. Unaondolewa wote, pamoja na mfupa bapa wa bega, kwa sababu uvimbe uko juu. Ukiacha kigutu umeuacha ugonjwa ndani na kuutupa mguu bure. Mishipa ya fahamu ikatwe juu kabisa karibu na uti kadiri mkono unavyofika, na ncha iliyokatwa ipelekwe maabara ionwe kwa hadubini kama ni safi. Kabla ya yote, kifua kipigwe picha kuhakikisha mapafu ni safi, na miguu mingine mitatu ikaguliwe vizuri. Berger allemand, hata wa mchanganyiko, wana historia ya nyonga mbovu, na Bobi atazihitaji nyonga zake. Uzito nao. Kama anakula bukari na kapenta sahani nzima asubuhi na jioni na amelala tangu Mei, huenda amenenepa bila ninyi kuona. Kila kilo anayopunguza sasa ni kilo asiyoibeba kwa miguu mitatu.

Kama picha zikionyesha uvimbe umeingia kwenye mizizi, upasuaji unakuwa mwingine: kufungua pingili za shingo na kutoa mzizi wenyewe. Huo si wa kila kliniki. Na matokeo yanatofautiana mno. Katika utafiti wa mwaka 1995 uliofuatilia mbwa 51 wenye uvimbe huu, nusu ya wale ambao uvimbe ulikuwa kwapani walifika kama miezi 12 baada ya upasuaji. Wale ambao ulikuwa umeshika mizizi, nusu yao hawakupita miezi 5. Hao ni mbwa wa zamani, kabla IRM haijaenea kwa wanyama. Siku hizi, pale ambapo daktari ameuona mpaka wa uvimbe mapema na kukata nje yake, wapo walioishi miaka. Nakupa takwimu hizo ngumu kwa sababu zinaonyesha tofauti ya kwapa na mzizi, na tofauti hiyo ni muda tu.

Kuhusu mionzi: huko Ulaya na Marekani mbwa kama Bobi hupigwa mionzi baada ya upasuaji, au badala yake pale usipowezekana. Hapa mjini sijawahi kumtuma mbwa kwenye mionzi, maana sina pa kumtuma. Linaniuma kila nikiandika hivyo, kwa sababu jiwe la urani la mgodi wa Shinkolobwe, hapa hapa Katanga, ndilo lililotoa radiamu, madini yenye kutoa mionzi, iliyosafishwa Olen, Ubelgiji, kuanzia 1922, na ikatumika kutibu saratani za watu duniani kote.

Familia ikiamua kutopasua, sitawahukumu. Umri, pesa, mlinzi anayetegemewa, yote ni sababu. Hapo kazi yangu ni maumivu, na maumivu ya mshipa wa fahamu hayafanani na ya jeraha. Ndiyo maana sindano za kawaida hazikudumu. Dawa ninayoitegemea ni gabapentini, miligramu 10 kwa kila kilo, kila baada ya saa 8. Bobi akiwa na kilo 30, hiyo ni kidonge kimoja cha 300 asubuhi, mchana na usiku. Siku za kwanza atasinzia na kuyumba, kisha anazoea. Isikatizwe ghafla. Na iwe vidonge: ile ya maji inayotengenezwa kwa watu inaweza kuwa na zailitoli, sukari ya bandia ambayo ni sumu kali kwa mbwa.

Pamoja nayo naweza kuongeza meloksikamu, baada ya kuangalia figo kwa damu: miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku, akiwa ameshakula. Fanya hesabu kwa Bobi: ni miligramu 3 kwa siku. Kidonge cha famasi kinachoandikwa 15 ni dozi yake ya siku tano. Nimeona mbwa wakitapika damu kwa sababu ya kidonge kimoja kila siku, kilichotolewa kwa upendo. Diklofenaki na ibuprofeni msimpe kabisa. Na kama mtu amemwanzishia kortizoni, niambie jina na tarehe kabla sijaandika chochote, maana kortizoni na meloksikamu pamoja hutoboa tumbo.

Siku itakayokuja ambapo Bobi halali, anahema usiku, anajilamba mguu mpaka anautoa ngozi, au ameacha kuinuka mtoto anaporudi shule, tutazungumza kuhusu kumlaza moja kwa moja. Nitakuja nyumbani kama utapenda. Usisubiri mpaka ashindwe kusimama ndipo uniite.

Neno fupi kuhusu mishipa mingine, kwa wasomaji wenye mbwa tofauti na Bobi. Uvimbe huuhuu unaweza kuota kwenye mshipa wa fahamu unaohudumia misuli ya kutafuna, na dalili yake ni upande mmoja wa kichwa kubonyea juu ya jicho, kana kwamba msuli umechotwa kwa kijiko, huku upande wa pili ukiwa umejaa. Mbwa huyo anafunga mdomo vizuri. Lakini mbwa ambaye taya lote la chini limeanguka, anatoa mate na tabia imebadilika ghafla, usimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa uliokwama. Katika mji wetu hiyo ni kichaa cha mbwa mpaka ithibitike vinginevyo. Mfungie, toa watoto, ita veterineri. Na aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe kwa maji na sabuni dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo.

Kuna pia saratani moja ya mbwa inayoambukiza kweli, na huenda jirani yako aliisikia akachanganya. Ni ile inayoota sehemu za siri, nyekundu kama koliflawa, inayopitishwa mbwa wanapopandana. Inatibika vizuri sana kwa sindano za vinkristini. Haina uhusiano na mguu wa Bobi, na paka haipati.

Sasa paka. Uvimbe wa ala ya mishipa ya fahamu kwa paka ni nadra. Kinachoshambulia mishipa na ugwe wao mara nyingi zaidi ni saratani ya chembe za limfu, ambayo kwa paka vijana huendana na virusi vya lukemia ya paka. Hivyo hupita kwa mate kutoka paka hadi paka, si kwa mbwa wala kwa watu. Lakini wako ana kinundu, si mguu uliolegea, na kiko mahali palepale pa sindano. Uwezekano wa kawaida kwanza: jipu la kung’atwa na paka mwenzake, au funza wa yule nzi anayetutia wasiwasi wa kupiga pasi kila nguo iliyoanikwa nje, huyo ana kitundu kidogo katikati na ukitazama kwa makini unamwona akihema. Hayo mawili hupona.

Kuna la tatu. Tangu 1991 madaktari wa wanyama Marekani wamelieleza: paka wachache sana, makadirio yanayotajwa ni 1 hadi 10 kwa kila 10,000 waliochanjwa, huota saratani kali ya nyama laini mahali palipochomwa sindano. Kanuni tunayoitumia ni rahisi kukumbuka. Kinundu kikidumu miezi 3 baada ya sindano, au kikipita sentimita 2, au kikiwa bado kinakua mwezi 1 baada ya sindano, kikatwe kipande kipimwe. Wako alichanjwa mwezi wa 7, tuko wa 10. Amefika. Usikubali mtu akitoe chote haraka kwa kisu kidogo kwa sababu kinaonekana kidogo: kikiwa ndicho, mizizi yake imeenda mbali kuliko macho yanavyoona, na upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi kubwa. Kipande kwanza, jibu, ndipo mpango. Na tafadhali usiache kumchanja kichaa cha mbwa kwa sababu ya haya. Tutachanja chini mguuni, ambako kukitokea kitu tunaweza kukiondoa. Wala usimpe parasetamoli akionekana na maumivu. Kidonge kimoja cha 500 kinatosha kumuua paka.

Walete wote wawili wiki hii, kila mmoja peke yake, paka kwenye kikapu chenye kifuniko. Bobi asile tangu usiku uliotangulia, maji anywe mpaka asubuhi, nipate kumlegeza na kuligusa kwapa bila kumtesa. Njoo na picha ya radio, kadi za chanjo, maboksi ya dawa zote alizopewa tangu Mei hata zilizokwisha, na umwombe mwanao amrekodi kwa simu akitembea kwenye sementi, kutoka mbele na kutoka nyuma. Mbwa wakifika kliniki hujikaza, na huko nyumbani ndiko anakotembea kama alivyo.